UZI: Kitabu kimepungua, filamu imekatwa, tovuti haifunguki. Utathibitishaje kwamba ni udhibiti?

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa udhibiti wa maandishi na vyombo vya habari kwa kawaida huishia kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Orodha hizo ni rahisi kuzipata kwa sababu marufuku iliyotangazwa ina tarehe, sahihi na muhuri. Kazi ngumu iko kwenye mkato ambao haukutangazwa: sura iliyopungua katika tafsiri, gazeti lililokosa karatasi, ukurasa wa intaneti unaogoma kufunguka bila maelezo. Hapo mtu mmoja atasema "wamedhibiti", mwingine atasema "ni hitilafu tu", na hakuna anayeweza kuonyesha kitu. Uzi huu ni wa ushahidi. Kila mwenye ujuzi wa eneo lake aweke mbinu yake.

Naanza na jambo moja: kabla ya kulalamika, tafuta mkono umeingia hatua gani. Kazi hutoka kwa mwandishi, ikapita kwa mhariri, mchapaji, msambazaji, duka au maktaba, ndipo ikamfikia msomaji. Kila hatua ina udhibiti wa aina yake na huacha alama tofauti.

Udhibiti wa kabla ya kuchapa huacha karatasi nyingi kuliko mwingine wote. Bunge la England liliweka amri ya leseni ya uchapaji mwaka 1643, na mfumo huo wa leseni ukafa 1695. Michezo ya jukwaani ya Uingereza iliendelea kuombewa kibali kwa Lord Chamberlain, ofisa wa kasri la mfalme, tangu 1737 mpaka 1968. Katika Muungano wa Kisovieti, ofisi ya Glavlit iliundwa 1922, na chapisho lililopita kwake lilibeba namba ya mdhibiti pamoja na taarifa za uchapaji. Kwa hiyo hapa unatafuta maombi, barua za majibu, mswada wenye mistari iliyopigwa kalamu, namba na mihuri.

Wa baada ya kuchapa ni kukamata nakala na kushtaki. Huu una ujanja wake. Hispania ya dikteta Franco ilikuwa na sheria ya magazeti ya 1938 iliyodai kila kitu kikaguliwe mapema. Sheria ya 1966 ikaondoa ulazima huo na kuweka "ushauri wa hiari", lakini nakala zilibaki kupelekwa serikalini kabla ya kusambazwa, na mzigo mzima ungeweza kukamatwa ukiwa tayari umechapwa. Mchapishaji aliyekwisha kulipia karatasi, wino na jalada alipeleka mswada "kwa hiari" ili asipate hasara. Kwenye sheria iliandikwa uhuru, na bado mswada ulifika mezani kwa mkaguzi.

Halafu kuna udhibiti wa kupitia mfuko, ambao watu wengi hawauhesabu. Magazeti ya Uingereza yalitozwa ushuru wa stempu kuanzia 1712. Mwaka 1815 ukapandishwa hadi peni 4 kwa nakala, 1836 ukashushwa hadi peni 1, na 1855 ukafutwa. Hakuna sentensi hata moja iliyokatwa, ila maskini hakuweza kununua gazeti. India nayo ilibana karatasi za magazeti na kuweka ukomo wa kurasa 10, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaubatilisha mwaka 1972 kwa hoja kwamba kupunguza kurasa ni kupunguza kauli.

Popote mkono ulipoingia, andika majibu ya maswali haya: nani aliamua? Kwa kifungu gani? Kwa maandishi au kwa simu? Rufaa inakwenda wapi? Ukikosa jibu la swali la tatu na la nne, hapo ndipo pa kuchimba.

---

RafuYaJuu

Asante mleta uzi. Nachukua upande wa vitabu vya karatasi.

Kwanza tofautisha toleo na kuchapwa upya. Fungua ukurasa wa haki miliki. Wachapishaji wengi huweka safu ya namba, 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, na namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo inayokuambia kitabu kimechapwa mara ya ngapi. Kikichapwa upya bila mabadiliko, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hubaki ileile. Maandishi yakibadilishwa kwa kiasi kikubwa, inatakiwa ISBN mpya na tamko la toleo. Ukikuta nakala mbili zenye ISBN moja na maandishi tofauti, weka alama nyekundu.

Pili, kagua mwili wa kitabu. Karatasi kubwa hukunjwa kuwa kurasa 8, 16 au 32, makunjo hayo yakashonwa au kugundishwa pamoja. Katika kunjo la kurasa 16 lenye majani 8, jani la kwanza limeungana na la nane, la pili na la saba, la tatu na la sita, la nne na la tano. Mtu akichomoa jani lenye kurasa 5 na 6, jani la kurasa 11 na 12 hulegea kwa sababu ndilo pacha wake. Asipotaka lilegee, huacha kipande chembamba karibu na mshono. Pitisha kidole katikati ya kitabu kilichofunguliwa na utakigusa kipande hicho. Katika vitabu vya zamani mara nyingi jani jipya liligundishwa juu yake, likiwa na maneno yaliyolainishwa. Angalia rangi ya karatasi, unene, na kama mistari ya jani hilo inalingana na ya jirani zake.

Mfano unaojulikana sana ni Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti. Beria, mkuu wa usalama wa Stalin, alipoanguka 1953, waliokuwa wamejiandikisha kuipokea walitumiwa kurasa za kubandika badala ya makala yake, zikiwa na habari ndefu kuhusu Bahari ya Bering, pamoja na maelekezo ya kukata zile za zamani.

Tatu, maneno yaliyofutwa kwa wino. Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa kuanzia 1559 hadi 1966, na vingine vilikatazwa "mpaka virekebishwe", maana yake mistari ifutwe kwanza. Kama mfutaji alitumia wino wa chuma uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, picha ya mwanga wa infraredi inaweza kukurudishia maneno. Wino huo hufifia chini ya mwanga huo, lakini wino wa mchapaji una masizi na hubaki mweusi. Mfutaji akitumia wino wa masizi juu ya masizi, njia hii haifanyi kazi, usipoteze muda.

Kwenye tafsiri usilinganishe jumla ya maneno. Kiswahili hubana: "hatukumwambia" ni neno moja, na lugha nyingine huhitaji manne au matano. Hesabu maneno ya kila sura katika lugha zote mbili, gawanya, uone uwiano. Tuseme sura nyingi zinaangukia kati ya 0.75 na 0.85, halafu sura ya tisa ina 0.55. Nenda sura ya tisa ukasome aya kwa aya. Mtafsiri mvivu hupunguza kila mahali, mkasi wa makusudi hupunguza mahali pamoja: siasa, dini, kitanda, au jina la mtu.

---

Nahodha_Mstaafu

Mkuu RafuYaJuu, je, mwandishi mwenyewe akiamua kupunguza? Na mchapishaji akibadilisha maneno yanayokera ili kitabu kiendelee kuuzwa, huo nao tuuite udhibiti?

---

RafuYaJuu

Mwandishi akirekebisha kazi yake, ni toleo jipya, basi. Ugumu huja mwandishi akiwa marehemu. Februari 2023 ilijulikana kwamba kampuni ya uchapishaji ya Puffin imebadilisha maneno mengi katika vitabu vya watoto vya Roald Dahl, aliyefariki 1990. Baada ya kelele, kampuni ikatangaza kwamba matoleo ya zamani nayo yataendelea kuchapwa. Msimamo wangu ni huu: mwenye haki akihariri, hiyo siyo amri ya serikali, na tukiziita zote jina moja tutashindwa kuipima amri yenyewe. Lakini msomaji ana haki ya kuambiwa kwenye ukurasa wa haki miliki kwamba maandishi yamebadilishwa, lini, na toleo la awali ni lipi. Kubadilisha kimya ni kumdanganya.

---

KalamuNyeusi

Nakuunga mkono kwenye tamko, ila sikubaliani kwamba serikali peke yake ndiyo inayodhibiti. Karibu filamu zote za Hollywood zilikatwa na chama cha watengenezaji wenyewe. Mwenye ujuzi wa filamu aje.

---

MkandaWa35

Nipo. Mleta uzi anaizungumzia Kanuni ya Hays. Iliandikwa 1930, ikaanza kusimamiwa kwa ukali Julai 1934: filamu bila cheti haikuonyeshwa kwenye kumbi za kampuni kubwa, na faini ilikuwa dola 25,000. Iliachwa 1968, ikaja mifumo ya madaraja ya umri. Tatizo lake kwa mchunguzi ni kwamba mkato ulifanyika kwenye mswada kabla kamera haijawashwa. Hakuna "filamu kamili" ya kulinganisha nayo. Ushahidi uko kwenye barua za ofisi hiyo na rasimu za mswada.

Filamu iliyokatwa baada ya kupigwa ndiyo unayoweza kuipima, na watu hukosea hatua ya kwanza tu. Wanaona kisanduku kimoja kinasema dakika 120 na kingine dakika 115, wanapiga kelele. Filamu ya sinema hukimbia fremu 24 kwa sekunde. Televisheni na DVD za mfumo wa PAL hukimbia 25, na mara nyingi filamu iliharakishwa tu ili ilingane. Zidisha muda kwa 0.96: dakika 120 zinakuwa dakika 115 na sekunde 12. Hakuna kilichokatwa. Dalili ya pili ni sauti kupanda kidogo, chini kidogo ya nusu toni. Ukimaliza hesabu hiyo na bado kuna pengo, ndipo uanze kutafuta.

Weka nakala mbili sambamba na uandike muda wa kila badiliko la mandhari, siyo wa filamu nzima tu. Pengo litatokea mahali fulani na kubaki lilelile mpaka mwisho. Likikua polepole tangu mwanzo, ni kasi, siyo mkasi.

Ripoti za zamani za bodi za ukaguzi huandika mkato kwa futi. Kwenye mkanda wa milimita 35 wenye sauti, futi 90 ni dakika moja, kwa hiyo "toa futi 45" ni sekunde 30.

Kuna alama moja nzuri kwenye mkanda halisi. Sauti ya picha husomwa sehemu nyingine ya projekta, na huchapwa takriban fremu 21 mbele ya picha yake. Mtu akikata mkanda kwa mkasi kwenye ukumbi au kwenye bodi, picha inaruka kwanza na sauti inaruka karibu sekunde moja baadaye. Mkato wa studio hauna hitilafu hiyo, kwa sababu sauti na picha zilikatwa kila kimoja mahali pake. Kwa alama hiyo unajua mkato ni wa kiwandani au wa njiani. Tahadhari: mkanda uliokatika wenyewe na kuungwa hutoa dalili ileile, lakini hupoteza fremu chache tu. Zikipotea sekunde 20 za busu, mkanda haukukatika wenyewe.

Na msisahau midomo. Kwenye matoleo ya televisheni, neno hubadilishwa na kurekodiwa upya bila picha kuguswa. Muda unalingana kabisa. Sikiliza mwangwi wa chumba, hubadilika kwa neno moja halafu ukarudi.

---

Waya_Mrefu

Upande wa intaneti. Kosa kubwa ni kusema "tovuti imefungiwa" kwa kuangalia simu moja mara moja. Fuata mpangilio huu.

Andika saa kwa UTC (saa ya kimataifa), jina la mtoa huduma, anwani kamili, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Jaribu tovuti nyingine, halafu ileile kupitia mtoa huduma mwingine ndani ya saa hiyohiyo. Ikigoma kote duniani, seva imekufa, funga faili.

Kama inagoma kwenye mtandao mmoja tu, anza na DNS, yaani kitabu cha kubadilisha jina kuwa namba. Iulize seva ya mtoa huduma wako, kisha nyingine iliyo nje. Majibu kutofautiana peke yake siyo ushahidi, kwa sababu tovuti kubwa zina seva nyingi na kila eneo hupewa ya jirani. Ushahidi ni jibu lisilowezekana: 127.0.0.1, namba ya mtandao wa ndani inayoanza na 10, "jina halipo" wakati kwingine lipo, au tovuti tano zisizohusiana zote kupewa namba moja.

DNS ikiwa safi, jaribu kuunganisha na namba hiyo kwenye mlango wa 443, unaotumiwa na tovuti zenye usimbaji (HTTPS). Ukikataliwa, huenda namba yenyewe imezuiwa. Ukiunganishwa halafu ukakatwa mara tu kivinjari kinapotuma salamu ya TLS, yaani ya kuanzisha usimbaji, kinachowasha mtego ni jina. Salamu hiyo kwa kawaida hubeba jina la tovuti waziwazi kabla usimbaji haujaanza. Uthibitisho: tuma salamu kwa namba ileile ukiweka jina jingine. Likipita, na lile la kwanza likakatwa kila mara, umemkamata.

Hapa ndipo linapotoka jambo ambalo wanahabari wanapaswa kulijua. Kwa HTTPS, mzuiaji huona jina la tovuti lakini haoni ukurasa gani unasomwa. Hawezi kuzuia makala moja, analazimika kuzuia yote. Wikipedia ilihamia HTTPS kikamilifu 2015. Uturuki ilipochukizwa na kurasa chache, ikafungia Wikipedia nzima kuanzia 29 Aprili 2017 hadi 15 Januari 2020, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua kwamba haki imevunjwa.

Mzuiaji asiyejua kazi huharibu hata nje ya mipaka. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi. Ikatangaza njia ya uongo kuelekea sehemu ya namba za YouTube, finyu kuliko ile YouTube yenyewe iliyotangaza. Ruta, mitambo inayoelekeza data, huamini njia finyu zaidi, tangazo likavuja, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili.

Kupunguza kasi ndiko kugumu kuthibitisha. Pakua faili la ukubwa uleule kutoka tovuti inayoshukiwa na nyingine ya kulinganisha, mara nyingi, mchana na usiku, siku kadhaa. Kipimo kimoja hakina thamani.

Programu ya OONI Probe hufanya vipimo hivi vingi yenyewe, lakini soma onyo lake kwanza: matokeo huchapishwa hadharani, na kuna mahali ambapo kuipima mitandao kunaweza kukuletea matatizo.

---

Nahodha_Mstaafu

Mkuu, na namba 404? Wengi hudai ndiyo alama ya kuzuiwa.

---

Waya_Mrefu

Hapana. 404 ni "hakipo", 403 ni "huruhusiwi". Namba ya "kimezuiwa kwa sababu za kisheria" ni 451, iliyochapishwa rasmi mwaka 2016 katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 7725, na jibu lake linatakiwa lieleze amri imetoka wapi. Bahati mbaya ni mzuiaji muungwana tu anayeitumia. Anayetaka ionekane hitilafu hukupa 404 au kukuacha unasubiri.

---

Wakili_wa_Maneno

Naingia kwenye sheria kwa ufupi. Siyo kila zuio ni haramu. Kifungu cha 19(3) cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinataka vitu vitatu kwa pamoja: zuio liwe limewekwa na sheria, lilinde haki au heshima za wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma, na liwe la lazima. Cha tatu ndicho maamuzi mengi huangukia. Maadili ya watoto yanaweza kukuruhusu kuweka daraja la umri, lakini hayaelezi kwa nini mtu mzima asisome.

Mkataba wa Haki za Binadamu wa mataifa ya Amerika, Kifungu cha 13, ni mkali zaidi: unakataa udhibiti wa kabla, isipokuwa kwa maonyesho ya umma na kwa ajili ya kuwalinda watoto tu. Chile ilipoteza kesi kwa kifungu hicho mwaka 2001 baada ya kuikataza filamu moja kwa watu wote.

Mkiandika rufaa, tumieni kigezo cha Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Freedman dhidi ya Maryland ya 1965 hata kama hakiwafungi majaji wenu, kwa sababu kinapanga hoja vizuri: anayezuia ndiye athibitishe; zuio la muda liwe fupi; na mahakama ifikiwe haraka. Kingine ni kudai kazi isomwe nzima. Kabla ya sheria ya Uingereza ya machapisho machafu ya 1959, mwendesha mashtaka angeweza kusimama na aya moja chafu na kushinda. Sheria hiyo ikataka athari ya kazi kwa ujumla wake, na mwaka uliofuata kampuni ya Penguin ikaachiwa na jopo la raia 12 (jury) katika kesi maarufu ya riwaya ya Lady Chatterley's Lover.

---

KalamuNyeusi

Nashukuru, wakili. Naongeza jambo ambalo maandishi ya sheria hayalionyeshi: walengwa ni wasomaji. Novemba 1977 kibali cha mchezo wa Kigikuyu uliochezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, Kenya, kiliondolewa. Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake wawili, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo bila mashtaka hadi Desemba 1978. Riwaya yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka huohuo 1977, kali vilevile, ilikuwa imezinduliwa hadharani. Kwa hiyo ukichunguza udhibiti, linganisha pia lugha, bei na mahali pa kuonyeshea, usiishie kwenye maudhui.

Kuhusu kujidhibiti kwenye magazeti: chagua tukio moja, chukua magazeti matano ya siku tatu, pima kila habari kwa sentimita za safu, andika ukurasa na nani aliyenukuliwa. Gazeti linalonyamaza mara moja limepitwa. Linalonyamaza kwenye matukio kumi ya aina moja lina maelekezo, yawe yameandikwa au la. Nafasi tupu ni ushahidi pia: Juni 1975, hali ya hatari ilipotangazwa India, Indian Express iliacha tahariri yake nyeupe. Afrika Kusini, magazeti yalipoanza kuacha mapengo na mistari myeusi, kanuni za 1986 zikakataza hata mapengo.

---

Mdau_Kimya

Swali la mwisho. Vitabu vya kidijitali vikibadilishwa kwa mbali, nitalinganisha na nini?

---

RafuYaJuu

Na nakala uliyoihifadhi kabla, hakuna njia nyingine. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu vya George Orwell kwenye Kindle za wateja. Sababu ilikuwa muuzaji asiye na haki miliki, pesa zikarudishwa, lakini ilionekana wazi kwamba mkono unafika mpaka kwenye rafu ya mtu.

Nunua faili unaloweza kulishusha na kulihifadhi nje ya programu ya muuzaji. Siku hiyohiyo litolee alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Koma moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Hifadhi alama mahali tofauti na faili, pamoja na tarehe, jina la muuzaji, na picha ya ukurasa wa haki miliki. Baada ya miezi sita lishushe tena, linganisha alama. Zikitofautiana usishangilie bado: muuzaji anaweza kuwa amebadilisha jalada au fonti tu. Toa maandishi matupu kutoka faili zote mbili, yapitishe kwenye programu ya kulinganisha mstari kwa mstari, kisha usome kila tofauti kwa macho yako.